Masika ya Bunduki Tatu

Mikese, 6 Machi 1911

Leo nimeanza kazi kwa Bwana Loman, Mdachi mwenye shamba la mpira huku chini ya milima. Mpaka Krismasi nilikuwa mwalimu wa watoto wa misheni huko juu, lakini wazazi wao wengi wameshuka kufanya kazi mashambani na watoto wamewafuata, darasa likabaki mabenchi matupu. Mke wangu Anastasia amebaki nyumbani na maharage yetu. Bwana ananitaka kwa sababu najua Kijerumani kidogo. Amenipa chumba nyuma ya ghala, blanketi, na dawa ya homa ambayo sikuiomba. Naona ni mtu mwema.

Mwenzangu wa kazi ni Mwinjuma, mwindaji wa hapa Mikese, Mwislamu, mtu mzima. Nilimwamkia shikamoo. Aliitika marahaba huku akitazama viatu vyangu.

7 Machi

Mvua kutwa. Hatukufanya kitu.

9 Machi

Sasa nimeielewa kazi. Mwaka jana Bwana alianguka kutoka juu ya farasi akavunjika mtulinga, na mfupa ukaunga vibaya. Ana bunduki tatu za kuwindia ndovu na nyati, na kila moja inapopigwa humrudi mpigaji begani. Anataka kujua ni ipi ambayo bega lake litaweza kuivumilia. Yeye mwenyewe hathubutu kujaribu. Kwa hiyo tunajaribu sisi.

Ya kwanza ni nzee, ya risasi moja, mtutu wake mtu aweza kutia kidole gumba. Wafanyakazi wanaiita Punda, kwa mateke yake. Ya pili ni ya mitutu miwili, Bwana aliinunua kwa Mwingereza mmoja Dar es Salaam, nayo ni nzito mno na ndiyo aipendayo kuliko zote. Ya tatu ni mpya, nyepesi, risasi zake nyembamba na ndefu.

Debe tupu liliwekwa kwenye kisiki ng'ambo ya mfereji. Mwinjuma alipiga kila moja, Bwana akiwa amesimama pembeni yake na kalamu.

"Muulize, inasukuma au inachapa?"

Nikauliza. Mwinjuma alifikiri, maana si mtu wa kusema ovyo.

"Punda ni kama umerushiwa gunia la mahindi na wewe hujakaa sawa. Hii ya mitutu miwili inasukuma, kama mtu anayetaka kupita mlangoni. Hii mpya..." Akashika taya. "Hii inachapa. Inaisha kabla hujajua imeanza, halafu meno yanauma."

Bwana alifurahi sana. Kisha nikapiga mimi. Punda alinikalisha matopeni, na watu wote wakacheka, Mwinjuma pia. Sikupenda kicheko chake.

10 Machi

Bega langu limekuwa jeusi kama biringanya. La Mwinjuma lipo vilevile, au anajikaza.

13 Machi

Tumepiga tena asubuhi yote. Dada yake Mwinjuma, anaitwa Chausiku, mjane, alipita kuelekea shamba lake la mpunga. Alisimama akatutazama, mkono kiunoni.

"Kaka, hilo debe limekukosea nini?"

"Ni kazi, Chausiku."

"Ninyi mnapiga debe, na ndovu anakula mpunga wetu. Amepita tena kwa jirani yetu Mwajuma. Mwambieni huyo Bwana ndovu anakaa kule."

Nilimfasiria Bwana. Alisema ndovu atapigwa, bila shaka atapigwa, lakini si kabla hajajua ni kwa bunduki ipi. Mtu hatoki na silaha asiyoijua. Niliona ni maneno ya busara. Chausiku alipoyasikia aliguna akaenda zake.

17 Machi

Bwana amegundua jambo jipya. Anataka tupige tukiwa tumesimama, tumekaa, na tumelala kifudifudi, alinganishe. Kusimama ni afadhali, maana teke likija mwili unarudi nyuma na kulimeza. Ukilala, mwili hauna pa kwenda. Teke lote linaingia shingoni na kichwani. Nimepiga ile mpya mara moja nikiwa chini nikasikia kengele masikioni mpaka jioni. Mwinjuma ndiye aliyepiga nyingi, kwa kuwa mimi nafumba macho kabla ya mlio, na Bwana anasema mtu anayefumba macho hawezi kutoa habari ya kweli.

18 Machi

Mvua.

19 Machi

Mvua. Ndovu amepita kwa Mwajuma mara nyingine.

22 Machi

Nimemuuliza Mwinjuma kwa nini anakubali. Tulikuwa tumekaa kwenye baraza ya ghala tukingoja manyunyu yakatike. Kwa kawaida hanijibu kitu, lakini leo alinijibu.

"Mwalimu, wewe umetoka milimani, hujui. Mimi nilikuwa na gobori la baba yangu. Ndovu, kiboko, nguruwe, wote walilijua. Baada ya vita vya Majimaji magobori yalikusanywa yote, hata ya sisi ambao hatukupigana. Tangu hapo tunafukuza wanyama kwa kupiga masufuria."

"Na Bwana?"

"Bwana ameniahidi. Kazi ikiisha atanisemea serikalini, nipewe cheti cha bunduki, na Punda atakuwa wangu."

"Kwa maandishi?"

Alinitazama kama nimesema upumbavu. "Amesema mbele yangu," akasema.

Usiku wa leo, nikiyakumbuka maneno haya, naona nilimdhania vibaya. Nilidhani ana kiburi. Kumbe ni mtu aliyenyang'anywa kazi yake na anaitafuta kwa njia iliyobaki.

25 Machi

Bwana ametuma habari zake za bunduki kwa gazeti la wawindaji la kwao Ulaya. Alinisomea kipande. Mwinjuma hatajwi jina. Anaitwa "Mnegro wangu mwenye mabega ya fahali". Sikumfasiria.

29 Machi

Leo Mwinjuma amepiga ile mpya akiwa chini, tena na tena, mpaka Bwana akaridhika. Alipoinuka alisimama akitikisa kichwa kama mbwa aliyetoka majini. Nilidhani ni masikio.

Tuliporudi alinivuta kando. "Mwalimu, unaona vimulimuli?"

Ilikuwa mchana kweupe. Nikasema hapana.

"Mimi naviona. Huku kulia. Na kuna kitu cheusi kinashuka, kama pindo la kanzu limening'inia juu ya jicho."

Nilimfumba jicho la kushoto kwa kiganja changu nikamwonyesha vidole. Alinitajia vya chini. Vya juu hakuviona.

"Usimwambie Bwana," alisema.

31 Machi

Nimemwambia Bwana. Nililala nikiwaza, nikaona kunyamaza ni kumzika mtu mzimamzima. Nilimweleza yote kwa Kijerumani changu, polepole, nisikosee. Alinisikiliza mpaka mwisho. Halafu akaniuliza ni bunduki ipi iliyoleta jambo hilo, na ni akiwa amelala au amekaa. Nikajibu. Akaandika.

"Atapumzika siku mbili," akasema. "Mtu ana macho mawili, Yakobo."

Hakuwa na hasira. Alisema kwa upole, kwa sauti ileile aliyonipa nayo dawa ya homa.

3 Aprili

Mwinjuma hasemi nami. Bwana alimpima jicho barazani mbele ya watu, na akamwambia kwa Kiswahili chake kibovu, "Mwindaji jicho moja, cheti hapana." Mwinjuma aligeuka akanitazama mimi, hakumtazama Bwana. Baadaye akasema, "Nilikuomba jambo moja tu."

Na kazi ya kupiga haikukoma. Bado anapiga, kwa kuwa akiacha hata ujira wa siku anakosa. Cheti hana, jicho hana, na bega lake sasa limefunguka ngozi.

5 Aprili

Mvua kubwa. Mfereji umefurika, debe limechukuliwa na maji. Wameleta debe jingine.

9 Aprili, Jumapili ya Matawi

Nimepanda juu kusali na kumwona Anastasia. Alinivua shati akaliona bega. Alilikanda kwanza kwa maji ya moto.

"Huyo Bwana wako anatafuta nini hasa?"

"Anatafuta bunduki isiyoumiza."

"Na akiipata, ninyi mtakuwa wapi?"

12 Aprili

Bwana ameondoka kwa gari moshi kwenda Dar es Salaam kwa sikukuu. Ameniachia ufunguo wa kabati ya bunduki, nizipake mafuta, unyevu usiziharibu. Kabla hajaondoka Chausiku alikuja na wanawake wenzake, wakapiga magoti. Ndovu sasa anakuja kila siku na mpunga unakaribia kuiva. Bwana aliwaambia akirudi ataanza kufikiria. Alisema kweli hivyo, kufikiria. Nilifasiri "akirudi atakuja". Sikuweza kulitamka lile jingine.

14 Aprili, Ijumaa Kuu

Chausiku amekufa.

Alikuwa juu ya dungu, kile kibanda cha miti cha kulindia mpunga, peke yake. Kulipopambazuka majirani walisikia sufuria ikigongwa, kisha miti ikivunjika, kisha kimya. Walipofika dungu lilikuwa limelala chini na mpunga umekanyagwa pande zote. Sitaandika jinsi alivyokuwa. Mwaisha, mke wa Mwinjuma, ndiye aliyemkusanya na kumwosha, akakataa mtu mwingine asimguse.

Walimzika kabla ya alasiri. Mimi nilisimama nyuma na Wakristo wengine wawili wa shambani. Mwinjuma aliingia kaburini kumpokea dada yake, na kwa kuwa haoni upande wa kulia alijigonga kwenye ukingo, udongo ukamwangukia usoni. Alibaki hivyohivyo na udongo usoni mpaka mwisho.

Jioni, kabla jua halijazama, alikuja ghalani. Nilimwamkia. Aliitikia. Yalikuwa maneno yetu ya kwanza tangu siku ile ya barazani.

"Una ufunguo," alisema.

"Ninao."

"Ndovu yumo matete ya mtoni. Ameshiba, hatakwenda mbali. Asubuhi nitamfuata."

"Mzee, ukikamatwa na bunduki bila cheti unajua yatakayokupata."

"Najua. Sikuja kuuliza hilo."

Niliwaza kumwambia tumngoje Bwana. Nikawaona wale wanawake wamepiga magoti, nikaona aibu hata kufungua kinywa. Nikaenda kabatini.

"Nipe ile mpya," alisema. "Inapenya."

"Hiyo itamaliza na jicho la pili."

"Umekuwa mganga lini?"

"Nimekutazama masika yote. Baada ya ile unatikisa kichwa. Baada ya Punda unashindwa kuinua mkono. Baada ya hii ya mitutu miwili unatema mate tu, basi. Ni nzito, uzito wake unalila teke kabla halijakufikia. Na ina risasi ya pili."

"Hiyo ndiyo roho ya Bwana."

"Najua."

Aliipokea. Aliipima kwa mikono, akaiweka bega la kulia kwa mazoea, akaishusha, kisha akaihamishia kushoto. Niliona uso wake unavyohangaika, kama mtu anayejifunza kuandika kwa mkono mwingine.

15 Aprili, Jumamosi Kuu

Tulitoka mbingu ilipoanza kupata rangi ya asubuhi. Mimi nilichukua ile mpya. Aliniweka upande wake wa kulia akasema, "Huku ndiko nisikoona. Wewe ndiye jicho langu la huku. Ukiona kitu usipige kelele, nishike mkono."

Mvua ilikuwa imekatika lakini matete yalitumwagia maji. Nyayo zilikuwa zimejaa maji machafu yaliyokuwa bado yanatulia. Nilisali kimoyomoyo, nikakosea maneno ya sala ninayoyajua tangu utoto.

Sikumwona kwanza, nilimsikia tumbo likinguruma. Kisha ule ukuta wa kijivu niliodhani ni ukingo wa mto ukapepea sikio. Alikuwa kulia kwetu, karibu kuliko nilivyowahi kufikiri mtu anaweza kusimama na ndovu. Nilimshika Mwinjuma mkono. Aligeuka mwili mzima ili jicho lake zima lifike.

Ndovu alituona. Alikuja bila mlio wowote, matete yakilala mbele yake. Niliinua bunduki, na nasema kweli, nilifumba macho. Mwili wangu ulikuwa umefundishwa kuliogopa bega langu kuliko ndovu. Nilipiga, risasi ikaenda nisikojua.

Mwinjuma alipiga ya kwanza. Ndovu akapiga magoti, akainuka. Mwinjuma akangoja. Sijui alingojaje. Kichwa kilikuwa kimekwisha kuwa kikubwa kuliko kitu chochote, ndipo akapiga ya pili, na ndovu akaanguka mbele yetu, maji ya matope yakaturukia mpaka vifuani.

Tulikaa chini wote wawili. Mwinjuma alikuwa akijipapasa bega la kushoto.

"Mbona haikurudi?" akaniuliza.

"Nini?"

"Bunduki. Sikuisikia kabisa."

Nilimfungua kanzu. Bega lilikuwa limekwisha vimba na kubadilika rangi. Ilimpiga kama siku zote. Ni yeye ambaye hakuwa na nafasi ya kuisikia. Hapo ndipo alipolia, si kwa sauti, huku akiwa bado ameshika bega, akilitaja jina la dada yake.

16 Aprili, Pasaka

Watu wa milimani wameshuka na visu kwa nyama. Waislamu hawali. Akida, mkubwa wa serikali wa huku kwetu, ametuma askari kuchukua pembe, na wametuchukua na sisi, pamoja na bunduki.

19 Aprili

Bwana amerudi, akaja kwa akida. Alizitazama bunduki kabla ya kututazama sisi. Ile ya mitutu miwili ina alama ya kutu karibu na kifyatulio.

21 Aprili

Baraza la akida. Niliruhusiwa kusema. Nilisema ndovu aliua mwanamke, na kwamba ufunguo niliutoa mimi kwa hiari yangu. Bwana naye alisema, na hakusema uongo. Alisema Mwinjuma ni mtu hodari, anasikitika kwa dada yake, lakini bunduki ni bunduki, na mtu mweusi akiona anaweza kuichukua akiwa na sababu, kesho wote watakuwa na sababu.

Mwinjuma amepewa mnyororo mpaka masika mengine. Mimi hamsa ishirini, yaani viboko ishirini na vitano, na ikatimizwa papo hapo uani. Kiboko si kama bunduki, kinakupa nafasi ya kungoja kinachofuata.

23 Aprili

Nimelala kifudifudi. Anastasia ameshuka kuniuguza. Bwana alikuja mlangoni, akavua kofia kwa ajili yake, akaketi kwenye sanduku. Nilidhani amekuja kuomba radhi.

"Yakobo, kwa nini ulichagua ya mitutu miwili?"

Nikageuzia uso ukutani.

"Na alipiga kwa bega la kushoto. Mbele ya ndovu kabisa. Alisema ilimrudije?"

Anastasia, ambaye hajui Kijerumani, aliniuliza anataka nini. Nikamwambia. Alisimama, akachukua beseni la maji ya damu, akalimwaga kizingitini, miguuni pa Bwana. Bwana alivuta viatu vyake nyuma, akavaa kofia, akaondoka.

2 Mei

Naweza kukaa. Mvua kidogo.

20 Mei

Nimemwona Mwinjuma barabarani na kundi la mnyororo, wanapanga mawe. Mnyororo wa shingoni unalalia palepale penye kidonda cha bega la kulia. Mwaisha humletea uji na kumnywesha, kwa sababu akiinua mikono anamvuta mwenzake wa mbele. Amekonda mno. Mtu wa pembeni yake amekufa wiki hii kwa kuhara.

3 Juni

Bwana ameniita. Gazeti lake limetoka, limemfikia kwa meli, na mwuza bunduki mmoja wa huko kwao ameyapenda maandishi yake. Amempelekea bunduki mbili mpya kwa meli hiyohiyo azijaribu na kuziandika.

"Sina bega," alisema. "Sina Mwinjuma. Nakuhitaji."

Nilimwambia, "Mtoe Mwinjuma mnyororoni, nitapiga."

Alifikiri kidogo tu. Akasema akida humsikiliza. Kisha, kama mtu anayekumbuka jambo dogo, "Lakini usifumbe macho."

6 Juni

Wamemfungua. Mwaisha alimshika mkono upande wa kulia wakaja mpaka ghalani. Jicho moja limezimika kabisa, limekuwa na rangi ya maziwa. La pili linaona. Nilimwambia shikamoo.

"Marahaba, Yakobo." Alikuwa hajawahi kuniita kwa jina. "Umewauzia nini?"

"Bega, mzee."

"Bega linapona," alisema. Akasogea karibu, Mwaisha asisikie. "Simama. Au kaa. Akikwambia ulale, mwambie tumbo linauma, mwambie una homa, mwambie lolote. Usilale."

Anastasia alikuwa akikunja mkeka wake arudi juu kuvuna maharage. Alisema bila kugeuka, "Umemtoa mtu mnyororoni ukaingia wewe." Alifunga mzigo, akajitwika, akaniaga kwa heshima kama mtu anayeaga mgeni.

8 Juni

Anga nyeupe, hakuna mvua tena. Nilipiga ya kwanza nikiwa nimesimama, nikasema inasukuma. Nilipiga ya pili nikiwa nimekaa, nikasema inachapa. Sikufumba macho. Bwana alinisifu.

Halafu akatandika gunia kwenye nyasi, akalinyoosha kwa mkono wake mwenyewe ili mawe yasiniumize.

Nilimwambia tumbo linauma.

Alisema nichukue muda wangu, atangoja. Akakaa kwenye kiti chake. Alingoja, kalamu mkononi, bila hasira, mpaka kivuli cha debe kikageuka. Kule barabarani niliwaona watu wa mnyororo wakipita, na mahali pa Mwinjuma pakiwa wazi.

Nikalala kwenye gunia.